Profaili Zinazohama Zinapogoma Leo na Kukubali Kesho: Mwongozo kwa Fundi wa Ofisi

Katika ofisi inayotumia seva ya Windows, mfanyakazi huweza kuketi kwenye kompyuta yoyote, akaandika jina lake na nywila, na akakuta eneokazi lake na mafaili yake kama alivyoyaacha jana kwenye meza nyingine. Hilo huwezekana kwa sababu profaili yake, yaani eneokazi, mafaili na mipangilio yake, huhifadhiwa kwenye seva: anapoingia, kompyuta huinakili kutoka kwenye seva hadi ndani ya C:\Users, na anapotoka, mabadiliko aliyoyafanya hurudishwa kwenye seva. Mpango huu wa profaili zinazohama upo tangu enzi za Windows NT, na ukisimikwa vizuri watu husahau kabisa kwamba upo. Taabu huanza pale ambapo Jumatatu asubuhi mhasibu anaingia na kukuta eneokazi tupu pamoja na ujumbe kwamba ameingizwa kwa profaili ya muda. Fundi anaitwa, kompyuta inawashwa upya, kila kitu kinarudi mahali pake, na Alhamisi hali ileile inamkuta mtu wa masjala ambaye hata chumba hakai kimoja na mhasibu.

Mwongozo huu unahusu hitilafu za namna hiyo tu, yaani zile zinazokuja na kuondoka. Profaili iliyoharibika kweli hugoma kila siku na kwenye kila kompyuta. Ile inayogoma leo na kukubali kesho mara nyingi ni nzima, na kibovu ni kitu kilicho kati yake na kompyuta katika zile sekunde chache za kuingia au kutoka. Ndiyo maana desturi ya kukimbilia kufuta profaili, ambayo mafundi wengi wanaipenda kwa sababu huleta nafuu papo hapo, haifai kuwa hatua ya kwanza: hufuta ushahidi, na pengine hufuta pia kazi ya mtu ambayo ilikuwa haijafika kwenye seva.

Hatua ya kwanza: okoa kazi ya mtumiaji

Mtu akiingizwa kwa profaili ya muda, kompyuta humfungulia folda inayoitwa TEMP, wakati mwingine TEMP ikifuatiwa na jina la domeni (kundi la kompyuta na akaunti za ofisi linalosimamiwa na seva), ndani ya C:\Users. Chochote atakachokihifadhi kwenye eneokazi au kwenye folda ya Documents ya profaili hiyo kitafutwa atakapotoka. Kwa hiyo, kabla ya kumwambia atoke au awashe kompyuta upya, muulize kama ameshafanya kazi yoyote tangu aingie. Watu wengi huona eneokazi limebadilika, hunung'unika kidogo, kisha huendelea kuandika barua kwa saa mbili kabla ya kumwita fundi. Nakili kazi hiyo kwenye folda ya pamoja ya idara au kwenye flashi, hakikisha inafunguka kutoka huko, ndipo umruhusu atoke.

Waeleze pia watumiaji wote, kwa maneno mafupi, kwamba wakiona ujumbe huo wasihifadhi kitu bali watoke mara moja na kuita msaada. Agizo hilo moja huokoa mengi.

Hatua ya pili: weka kumbukumbu kabla ya kubadilisha chochote

Fungua daftari au jedwali, na kila hitilafu inapotokea andika jina la mtumiaji, jina la kompyuta, saa kamili, kama ilitokea wakati wa kuingia au wa kutoka, kama kompyuta iko kwenye waya au kwenye Wi-Fi, na kama mtumiaji huyo alikuwa bado hajatoka kwenye kompyuta nyingine. Ongeza safu ya mwisho kwa ajili ya mambo ya pembeni, kama vile umeme kukatika asubuhi hiyo au mtu kuhamishwa chumba. Kazi hii inachosha na hakuna anayekupongeza kwa kuifanya, lakini bila hiyo utabaki kukisia.

Baada ya matukio machache jedwali huanza kusema. Hitilafu ikimfuata mtu kila aendako, huku wenzake wakiingia salama kwenye kompyuta zilezile, tafuta kwenye folda yake iliyo kwenye seva: ruhusa, mmiliki, ukubwa wa profaili, au faili lililokwama. Ikiifuata kompyuta, yeyote aketiye hapo, tafuta kwenye kadi ya mtandao, waya, tundu la swichi (kifaa kinachounganisha waya za kompyuta za ofisi), saa ya kompyuta, au rejistri (hifadhi ya mipangilio ya Windows) ya kompyuta hiyo. Ikifuata wakati, kwa mfano kila siku kati ya saa mbili na saa mbili na nusu asubuhi, au kila baada ya umeme kurudi, tafuta kwenye vitu vinavyotumiwa na wote: seva yenyewe, swichi, DNS (huduma inayogeuza majina ya kompyuta kuwa anwani), au programu ya nakala rudufu inayoanza kazi watu wanapotoka.

Kuna malalamiko ambayo si hitilafu hata kidogo na yatakupotezea siku nzima usipoyatambua mapema. Matoleo tofauti ya Windows hayatumii folda moja ya profaili. Windows 7 huongeza .V2 mwishoni mwa jina la folda iliyo kwenye seva, Windows 8.1 huongeza .V4, Windows 10 za mwanzo ziliongeza .V5, na kuanzia toleo la 1607 pamoja na Windows 11 huongezwa .V6. Ofisi yenye kompyuta mchanganyiko itakuwa na mtumiaji mwenye folda mbili au tatu zisizojuana, naye atakuja kukuambia kwamba mafaili yake hupotea na kurudi. Tazama kwenye seva: ukiona mhasibu1.V2 na mhasibu1.V6 kando kwa kando, umeshapata jibu, na dawa yake ni kuhamishia mafaili nje ya profaili kama nitakavyoeleza mbele.

Hatua ya tatu: soma daftari la matukio

Kwenye kompyuta iliyogoma, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, kisha fungua Windows Logs na ndani yake Application. Chuja kwa chanzo kinachoitwa User Profiles Service, na utafute saa uliyoandika kwenye jedwali lako. Ukikuta matukio kadhaa kwa dakika hiyohiyo, soma la kwanza kabla ya la mwisho, kwa sababu la mwisho huwa ni matokeo tu.

Tukio namba 1521 lina maana kwamba kompyuta haikuipata nakala ya profaili iliyo kwenye seva na imetumia nakala iliyo ndani yake. Hilo hutokana na mtandao au na ruhusa. Namba 1526 husema kwamba folda ipo kwenye seva lakini mmiliki wake si sahihi. Namba 1511 husema kwamba nakala ya ndani haikupatikana na kwa hiyo mtumiaji amepewa profaili ya muda. Namba 1508 huonyesha kwamba faili la rejistri la mtumiaji, yaani NTUSER.DAT, halikuweza kupakiwa. Wakati wa kutoka, namba 1504 husema kwamba profaili haikurudishwa yote kwenye seva, na 1509 hutaja faili lenyewe lililoshindwa kunakiliwa. Usiipite 1509 haraka, kwani mstari wake wa DETAIL hukupa sababu moja kwa moja: ruhusa imekataliwa, diski imejaa, au faili linatumiwa na programu nyingine.

Namba 1530 ni onyo kwamba kuna programu ilikuwa bado imeshikilia rejistri ya mtumiaji alipotoka. Utaiona mara nyingi sana, hata kwenye kompyuta zisizo na tatizo lolote, na ushauri wangu ni kwamba usiifukuze isipokuwa inafuatana na 1504 kwa mtumiaji yuleyule kwa dakika ileile.

Ukishamaliza hapo, pita kwenye daftari la System kwa saa hiyohiyo na utafute tukio 5719 la NETLOGON, linalosema kwamba kompyuta haikuweza kuanzisha mawasiliano salama na seva ya domeni, na tukio 1129 la Group Policy (sera za kundi, yaani mipangilio ambayo seva huzipa kompyuta), linalosema kwamba sera hazikupatikana kwa sababu ya mtandao. Mojawapo likiwa limetangulia 1521 au 1511 kwa sekunde chache, acha profaili kabisa na uende hatua inayofuata. Kwa maelezo ya undani zaidi, lipo daftari jingine chini ya Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, User Profile Service, Operational, ambalo huandika lini kuingia kulianza kushughulikiwa na lini kulikamilika, na humo utaona kama kuingia kulichukua sekunde tano au dakika nne.

Hatua ya nne: chunguza mtandao katika sekunde za kuingia

Hapa ndipo hitilafu nyingi za aina hii huzaliwa, kwa hiyo usiharakishe.

Chukua kompyuta mpya yenye diski ya SSD. Inawaka na kufika kwenye skrini ya kuingia kwa sekunde kumi au kumi na tano. Upande wa pili wa waya kuna swichi inayosimamiwa, ambayo kila tundu lake linapopata uhai husubiri kwanza kuhakikisha kwamba hakuna mzunguko kwenye mtandao. Kwa mpango wa zamani wa spanning tree, subira hiyo ni sekunde 15 za kusikiliza na sekunde 15 za kujifunza, jumla 30, ndipo data ipite. Kisha kompyuta nayo iombe anwani. Windows, kwa upande wake, humsubiria mtumiaji mwenye profaili inayohama kwa sekunde 30 ikiwa sera haijabadilishwa. Mashindano ya 30 kwa 30 hayana mshindi wa kudumu: mfanyakazi anayewasha kompyuta na kwenda kuchukua chai ataingia salama, na yule anayeandika nywila mara tu skrini inapotokea atapewa profaili ya muda au nakala ya zamani.

Kulithibitisha hilo ni rahisi. Weka swichi ndogo isiyosimamiwa kati ya kompyuta hiyo na tundu la ukutani kwa siku chache, na uhakikishe ina waya mmoja tu unaokwenda ukutani. Swichi kubwa itaendelea kuona tundu lililo hai hata kompyuta inapozimwa, kwa hiyo subira haitajirudia. Hitilafu ikikoma, washa kipengele cha portfast, kinachoondoa subira hiyo, kwenye matundu yanayokwenda kwenye kompyuta. Kwenye swichi za Cisco amri yake ni spanning-tree portfast ndani ya mipangilio ya tundu husika. Usiiwashe kamwe kwenye tundu linalounganisha swichi na swichi.

Upande wa Windows, fungua sera ya kundi kwenye seva, nenda Computer Configuration, Administrative Templates, System, Logon, na uwashe sera inayoitwa "Always wait for the network at computer startup and logon". Kisha, katika System, User Profiles, tafuta "Set maximum wait time for the network if a user has a roaming user profile or remote home directory" na uiongeze hadi sekunde 60. Watu watalalamika kidogo siku ambazo mtandao umelala, lakini siku hizo wangelalamika hata hivyo.

Angalia pia kadi ya mtandao. Katika Device Manager, fungua sifa za kadi, ukurasa wa Power Management, na uondoe alama kwenye kisanduku kinachoruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Kompyuta inayolala mchana na kuamka bila mtandao ndiyo hiyo itakayoshindwa kurudisha profaili jioni. Badilisha pia waya wowote wenye kichwa kilichovunjika klipu: waya unaolegea kiti kinaposukumwa umeshawasumbua mafundi wengi kuliko virusi.

Halafu kuna umeme. Ofisi nyingi zimeweka UPS (betri inayoshikilia umeme unapokatika) kwa ajili ya seva na kuridhika, huku swichi iliyo kwenye kabati la ukutani ikiwa imechomekwa moja kwa moja kwenye soketi. Umeme ukikatika na jenereta kuwaka, seva haikuyumba, lakini swichi imejiwasha upya na itachukua dakika moja au zaidi kabla ya kupitisha data. Katika dakika hiyo watu wameshawasha kompyuta zao na kuanza kuingia, na matokeo yake ni msururu wa 1521 kwenye kompyuta za chumba kimoja ambazo hazina kosa lolote. Jedwali lako likionyesha kundi la hitilafu kwa dakika moja, fuata waya kutoka kwenye kompyuta hizo hadi kwenye swichi yao na uone imechomekwa wapi.

Kwa tawi lililounganishwa na makao makuu kwa njia ya mbali, kumbuka kwamba Windows hupima kasi ya njia, na ikiona iko chini ya kilobiti 500 kwa sekunde, au inachelewa kujibu kwa zaidi ya milisekunde 120, huiita njia ya polepole na kutumia nakala ya ndani. Siku njia ni nzuri mtumiaji anapata profaili yake ya seva, siku ni mbaya anapata ya ndani. Kulegeza vikomo hivyo kwenye sera kunaweza kusaidia kidogo, ila kwa maoni yangu tawi lenye njia ya namna hiyo halipaswi kuwa na profaili zinazohama kutoka makao makuu.

Hatua ya tano: DNS na saa

Kwenye kompyuta iliyogoma, fungua dirisha la amri na uandike ipconfig /all. Tazama mistari miwili. Wa kwanza ni wa DNS Servers: humo zinapaswa kuwemo anwani za seva za domeni peke yake. Fundi mwenye nia njema huongeza 8.8.8.8 (DNS ya umma ya Google) kama DNS ya pili "ili intaneti isikatike", na hapo ndipo hitilafu ya kuja na kuondoka inapopandwa, kwa sababu siku DNS ya kwanza ikichelewa kujibu kidogo tu, kompyuta huiuliza ya pili, na ya pili haijui kabisa jina la seva yenu ya ndani. Jibu lake kwamba jina hilo halipo huchukuliwa kuwa ni jibu kamili. Iondoe, na kama unataka majina ya intaneti yaendelee kupatikana, weka anwani hiyo kama forwarder (ya kuulizwa majina ambayo seva yenu haiyajui) ndani ya huduma ya DNS kwenye seva.

Mstari wa pili ni wa DHCP Server, yaani kifaa kilichoipa kompyuta anwani yake. Ulinganishe na ule wa kompyuta nzima. Ukiwa tofauti, kuna mtu ameleta ruta ya Wi-Fi kutoka nyumbani na kuichomeka kwenye tundu la ukutani ili simu yake ipate intaneti, na ruta hiyo sasa inagawa anwani zake kwa kompyuta yoyote itakayoiwahi. Kompyuta zikiomba anwani asubuhi, nyingine hujibiwa na seva na nyingine hujibiwa na ruta, kwa bahati tu. Itafute hadi uipate. Aghalabu iko chini ya meza, nyuma ya ndoo ya taka.

Kwa saa, andika w32tm /query /status uone kompyuta inapokea saa kutoka wapi, kisha ulinganishe saa yake na ya seva. Kwa kawaida Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho kwenye domeni, haivumilii tofauti inayozidi dakika 5. Kompyuta ya mezani ya miaka mingi ambayo betri yake ya CR2032 imekwisha, na ambayo huzimwa ukutani kila jioni, huamka kila asubuhi ikidhani ni mwaka mwingine kabisa; baada ya muda saa hujirekebisha yenyewe na hitilafu hutoweka kabla fundi hajafika. Ukiona kompyuta inayogoma asubuhi tu na ikiwashwa upya inakubali, badilisha betri kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Ni bei ya chini kuliko muda wako.

Hatua ya sita: kagua folda iliyo kwenye seva

Folda kuu ya profaili, tuseme D:\Profaili iliyoshirikishwa kwa jina la Profaili$, inahitaji ruhusa za namna maalumu. SYSTEM na Administrators wawe na mamlaka kamili. CREATOR OWNER awe na mamlaka kamili kwa folda za ndani na mafaili tu. Na kundi la watumiaji liruhusiwe kuorodhesha na kuunda folda mpya kwenye folda hiyo kuu peke yake, bila ruhusa hiyo kushuka chini. Kwenye mipangilio ya kushiriki, zima kabisa uwezo wa mafaili kuhifadhiwa kwa matumizi ya nje ya mtandao, kwa sababu huduma ya Offline Files ikiingilia kati profaili, hukupa nakala ya juzi huku ikidai ni ya leo.

Tukio likiwa ni 1526, shughulikia mmiliki. Windows hukubali folda ambayo mmiliki wake ni mtumiaji mwenyewe au kundi zima la Administrators. Haikubali akaunti binafsi ya msimamizi mmoja, na hilo ndilo kosa linalofanyika watu wanaporejesha profaili kutoka kwenye nakala rudufu. Amri mbili zifuatazo hurekebisha, ukiweka majina yako:

icacls D:\Profaili\mhasibu1.V6 /setowner OFISI\mhasibu1 /T /C

icacls D:\Profaili\mhasibu1.V6 /grant "OFISI\mhasibu1:(OI)(CI)F" /T /C

Usinakili profaili ya mtu mmoja na kumpa mwingine kwa kukopi folda tu. Ruhusa nyingine zimeandikwa ndani ya NTUSER.DAT yenyewe, ambamo icacls haifiki, na mtumiaji mpya ataambulia 1508.

Angalia nafasi ya diski na kikomo cha kila mtumiaji kama kimewekwa. Kisha angalia ni nani anayeyashikilia mafaili. Mtumiaji akiwa ametoka, fungua PowerShell kwenye seva na uandike:

Get-SmbOpenFile | Where-Object Path -like "*mhasibu1*"

Isirudishe kitu. Ikionyesha faili lililo wazi kutoka kwenye kompyuta nyingine, mtumiaji hajatoka huko. Isipoonyesha kitu na bado 1509 inalalamika kwamba faili linatumiwa, shuku antivirusi ya seva au programu ya nakala rudufu iliyopangiwa saa kumi na moja jioni, saa ambayo ofisi nzima inatoka kwa pamoja. Isogeze hadi usiku.

Kama mna seva mbili zinazonakiliana folda za profaili kwa DFS (mfumo wa Windows wa kusambaza folda kati ya seva), hakikisha ni moja tu inayotumika kwa wakati mmoja. Mpango wa shabaha mbili zilizo hai kwa pamoja haukubaliwi na Microsoft kwa profaili zinazohama, na dalili zake ni hizihizi: leo mipangilio mipya, kesho ya zamani.

Hatua ya saba: punguza mzigo wa profaili

Profaili nzito haileti kosa peke yake. Huifanya dosari ndogo ya mtandao iwe kosa. Fikiria ofisi ya watu 20, kila mmoja na profaili ya gigabaiti 2, wote wakiingia saa mbili asubuhi, kwenye seva yenye waya wa gigabiti 1. Zikinakiliwa zote nzima, hata kwa hesabu nzuri kabisa itachukua zaidi ya dakika tano. Kwa kawaida hunakiliwa mabadiliko tu, isipokuwa pale ambapo sera ya "Delete cached copies of roaming profiles" imewashwa na kila asubuhi inaanza upya. Iwapo imewashwa bila sababu ya kiusalama, izime.

AppData\Local haihami, kwa hiyo kashe (mafaili ya muda) ya Chrome si hoja. Mizigo iko AppData\Roaming: Teams ya zamani iliweka humo kashe kubwa, na Zoom hujisakinisha humo yenyewe. Zitaje folda hizo kwenye sera ya watumiaji inayoitwa "Exclude directories in roaming profile", ukizitenganisha kwa nukta-mkato, na usakinishe Zoom kwa kompyuta nzima. Documents na Desktop zihamishe kwa Folder Redirection (sera inayoziweka folda za mtumiaji moja kwa moja kwenye seva) kwenda kwenye folda nyingine ya seva, tofauti na ile ya profaili. Lakini tahadhari na mafaili ya barua ya .pst ambayo Outlook huyaweka ndani ya Documents: Microsoft haiungi mkono kuyafungua kupitia mtandao, kwa hiyo yaondoe kwanza, au uyaingize kwenye sanduku la barua la seva.

Zungumza pia na watu wanaoingia kwenye kompyuta mbili kwa akaunti moja, hasa mapokezi. Mafaili ya kawaida huunganishwa kwa kufuata tarehe, ila NTUSER.DAT hurudishwa zima, na anayetoka wa mwisho hufuta mipangilio ya aliyetangulia. Kila mtu apewe akaunti yake.

Hatua ya nane: kurekebisha nakala iliyo ndani ya kompyuta

Fika hapa ukiwa umeshajua chanzo, au ukiwa na kompyuta moja inayotoa 1511 hata baada ya kuwashwa upya. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, na unakili kwanza folda ya mtumiaji iliyo C:\Users mahali salama, kwa kuwa kama kutoka kulikuwa kunashindwa, nakala hii inaweza kuwa mpya kuliko ya seva. Andika sysdm.cpl, fungua ukurasa wa Advanced, kisha Settings chini ya User Profiles, chagua profaili na uifute kutoka hapo. Usiifute kwa kutupa folda kwenye File Explorer, kwa sababu ufunguo wake utabaki kwenye rejistri ukielekeza mahali pasipo na kitu, na huo ndio mzizi wa 1511 nyingi.

Kama mtangulizi wako alishaitupa folda, fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\ProfileList, na usome thamani ya ProfileImagePath ya kila namba inayoanza na S-1-5-21. Ukikuta namba ileile mara mbili, moja ikiwa na .bak mwishoni, yenye .bak ndiyo ya asili na isiyo nayo ni ya muda. Hifadhi nakala ya ufunguo wote kwa Export. Folda ya asili ikiwa ipo na ni nzima, futa ufunguo wa muda na uondoe .bak kwenye ule wa asili; folda ikiwa haipo, futa zote mbili, na mtumiaji akiingia tena profaili itashushwa upya kutoka kwenye seva.

Hatua ya tisa: pima, kimoja kwa wakati

Badilisha jambo moja, endesha gpupdate /force ili kompyuta isome sera upya, uwashe kompyuta upya kwa Restart badala ya Shut down, maana Fast Startup huifanya Shut down isiwe kuzimika kamili, kisha uhakikishe kwa gpresult /h ripoti.html kwamba sera imefika kweli. Endelea kujaza jedwali kwa muda usiopungua ule ambao hitilafu ilikuwa ikichukua kujirudia. Iliyokuwa inatokea mara moja kwa wiki haiwezi kutangazwa imekwisha siku ya tatu. Na kwa kompyuta mpakato zinazoondoka na wenyewe kila jioni, ziondolee profaili inayohama kabisa kwa sera ya "Only allow local user profiles", uwabakizie Folder Redirection ya Documents pekee, kwa kuwa hakuna kiasi cha kusubiri mtandao kitakachomsaidia mtu anayefungua kompyuta yake ndani ya basi.